Atuganile na Kadi Iliyokula Bure

Atuganile hanunui kitu bila kukigeuza chini juu. Ndiyo maana maboksi ya ruta za mtumba, zile mashine za kusambaza intaneti, aliyatoa Nakonde, upande wa Zambia, kwa bei ya kutupa. Muuzaji alidhani anaondoa chuma chakavu. Atuganile alisoma maandishi madogo kwenye kadi ya mtandao iliyomo ndani, kisha akalalamikia vumbi mpaka bei ikashuka tena.

Alichokiona ni kwamba kadi ile iliundwa iweze kupitisha data yenyewe, bila kuisumbua prosesa, ubongo wa boksi. Ila kiendeshi chake, ile programu inayouelekeza mfumo wa kompyuta namna ya kuitumia kadi, hakikuwa na habari na uwezo huo. Prosesa ilihenyeka kupokea kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data, kuisoma na kuisukuma mbele. Kadi imekaa tu, inakula umeme.

"Kwangu hakuna mla bure," Atuganile aliiambia.

Ni mtoto wa watu wa kahawa, Ruanda ya Mbozi. Kabla ya kuuza intaneti alikuwa karani wa wakala wa forodha hapa Tunduma, na kuandika programu alijifunza kwa kugombana na ruta zilizomgomea. Sasa mzee Ramadhan, mwenye jengo la ofisi za mawakala, alikuwa tayari kumpa kazi ya intaneti ya jengo zima kwa sharti moja: boksi moja lihimili siku nzima ya kazi. Likishindwa, jengo linakwenda kwa kampuni moja ya Mbeya yenye mashine mpya, na Atuganile abaki na lundo la maboksi yasiyorudishika.

Kwa kiendeshi cha zamani, boksi lilikuwa linakata pumzi kabla ya chai ya saa nne. Basi alikaa akakiandika upya, kwa akili ya mpakani: lori la kwanza la msafara likaguliwe, mengine yenye karatasi zilezile yapite. Pakiti ya kwanza ya mazungumzo iende kwa prosesa. Ikikubaliwa, kiendeshi kiiandike safari hiyo kwenye jedwali la kadi, na zinazofuata kadi izivushe yenyewe.

Siku ya jaribio mawakala walifungulia kila kitu walichonacho. Atuganile alitazama kioo cha kompyuta yake. Prosesa iliyokuwa ikitoka jasho ilikuwa karibu imelala! Alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika, wala hakuijali.

Mara sauti ikatoka ofisi ya pembeni. "Dada Atu! Boksi lako lina kwikwi?"

Mzee Ramadhan alikuwa akiongea kwa video na binti yake Yasmini, aliyeko Dar es Salaam. Simu ilikatika. Akapiga tena, ikaenda vizuri, ikakatika tena.

"Naenda kuswali adhuhuri," alisema akivaa kofia. "Nikirudi nikute limepona. La sivyo nampigia yule wa Mbeya."

"Nenda ukaswali, mzee. Na mimi uniombee."

"Wewe nikuombee? Wewe uliyenibana bei ya chumba mpaka nikaumwa kichwa?"

Atuganile alirudi kwenye kioo. Nyaraka fupi zilipita salama. Mazungumzo marefu ndiyo yaliyokufa. Na muuaji alikuwa kiendeshi chake mwenyewe: kilikuwa kinaifuta safari kwenye jedwali katikati ya maongezi, eti imekwisha. Imekwishaje, na mtu bado anaongea?

Nyuma yake wakala Jofrey alikuwa akipayuka kwenye simu, spika wazi, akimsalimia kwa Kibemba wakala mwenzake wa ng'ambo. "Mulishani, ba Clever! Lile tenka letu la mafuta mmeliona huko?"

"Bwino, ba Jofrey. Mbona lilipita asubuhi!" Clever alijibu kutoka Nakonde. "Sasa hivi liko mbele ya Isoka."

"Loo! Sisi huku tumeshaliandika limepotea."

Atuganile aliruka kitini. Ndiyo hiyo! Kadi ikishavusha pakiti yenyewe, kiendeshi hakizioni tena. Kikikaa kidogo kinadhani safari imekufa, kinaifuta. Enzi za ukarani, kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kupiga simu ng'ambo kuuliza kilichovuka. Leo ameandika kiendeshi akasahau kumwajiri karani!

Vidole vilikimbia. Akakiagiza kiendeshi kiiulize kadi kila baada ya muda mfupi: safari hii umevusha pakiti ngapi? Hesabu ikiongezeka, iko hai, isiguswe. Akakipakia upya.

Mzee Ramadhan alirudi, akampigia Yasmini. Wakasalimiana, wakaulizana habari za wajukuu na bei ya mchele. Mzee akaanza kusimulia ugomvi wa jirani tangu mwanzo.

"Baba, leo mbona hukatiki?" Yasmini alilalamika. "Wali wangu unaungua!"

Jengo zima lilicheka. Simu ilidumu mpaka Yasmini alipokata mwenyewe.

"Limepona," mzee alikubali, kisha macho yakawa ya sokoni. "Lakini dada Atu, hayo maboksi ni mtumba. Punguza."

"Boksi ni mtumba, mzee. Kazi ni mpya. Bei ileile."

"Haya, chukua jengo. Mtu hapumui na wewe."

Atuganile alishakigeukia kioo. Prosesa ilikuwa imejilaza, haina la kufanya. Basi mla bure amehamia huku, naye lazima atafutiwe kazi!

"Mzee," aliita, mzee hajafika mlangoni, "hizi kamera zako za getini, picha zake anakutunzia nani?"