Epua, Siagi Inaungua

Nilijua mwanangu hayuko Omani kwa kuuma biskuti moja.

Msicheke. Someni kwanza, hasa nyie wenye mabinti wanaozungumza na mawakala wa kazi za nje.

Mimi ni mama wa Mwika, huku milimani juu ya Moshi, elimu yangu darasa la saba. Majina nimebadilisha. Mume wangu nitamwita Eliudi. Yeye ana simu ya tochi, haya hatayaona.

Binti yetu nitamwita Kindness.

Huyu mtoto alikuwa na ugonjwa mmoja tu, biskuti. Aliona kwenye simu watu wanapika biskuti zinazoitwa bataskochi. Basi siagi yangu ikawa haikai.

Na siagi yenyewe ni ya ng'ombe wetu. Natikisa kibuyu mpaka bega linakufa ganzi, halafu yeye anaichukua anaibandika jikoni.

"Kindi, unaniunguzia siagi!"

"Mama, tulia bwana. Haiungui, inaiva. Ngoja inukie karanga."

Kweli. Inatoa povu, povu linatulia, chini inageuka rangi ya udongo, nyumba nzima inanukia karanga za kukaanga. Hapo unaepua palepale. Ukigeuka kumjibu mtu tu, imeshakuwa chungu.

Anatia sukari guru aliyoitwanga, mayai, unga.

Siku ya kwanza beking pauda haikuwepo, na dukani imeisha. Akachukua magadi ninayolainishia makande, akayaloweka, akachuja, akatia yale maji kijiko kimoja.

Nikasema leo tunakula sabuni.

Wapi! Zilitoka nyekundu, laini katikati, na kaladha fulani nyuma ya ulimi ambako siwezi kukaeleza. Tangu siku hiyo beking pauda hakuitaka tena.

Ndipo akaja wakala. Mama nadhifu, mpole, anasali kabla ya chai. Akasema Omani kuna tajiri anatafuta binti wa jikoni anayejua kuoka.

Tukamuaga mtoto kama bibi harusi.

Tulichinja mbuzi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilinyweka mpaka vibuyu vikalala chali. Mchungaji alimwita mbele ya usharika akamwombea, kwaya ikaimba. Eliudi, mtu ambaye hata kwenye vikao vya ukoo huwa anakaa mlangoni, alisimama akasema, "Kuanzia leo nyumba hii ina mtu ng'ambo."

Vigelegele!

Kindness alikuwa amevaa viatu vipya vinambana. Namkumbuka akichechemea kwenda kwenye gari, anacheka huku anachechemea.

Kuanzia hapo nikawa Mama Omani. Nikipita sokoni, "Mama Omani, mazulia yanakuja lini?" Nacheka.

Alikuwa anapiga kwa WhatsApp. Sauti tu. Nikimwambia mwanangu washa picha nikuone, anasema tajiri hataki.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, hata kuku akichelewa kurudi bandani silali vizuri. Nikamwambia Eliudi huyu mtoto sauti yake siyo. Akasema, "Mama Kindi, umezoea kulia. Mtoto yuko kazini."

Siku moja mvua ilishuka kubwa, mabati yakawa yanapiga kelele, simu ikaita. Nikaingia chumbani nikaziba sikio moja.

Bado nasikia mabati. Yako kwenye simu.

"Kindi, huko kunanyesha?"

"Hapana mama. Ni feni hiyo."

Nikaikubali feni. Ningefanya nini? Ningemwambia nani?

Sasa mwezi juzi jirani yangu Salvina karudi kutoka Moshi mjini na kimfuko.

"Mama Omani, hebu onja. Kuna dada mmoja mtaa wa Njoro anaitwa Amne, anauza hizi. Hatari!"

Nikauma.

Ile siagi. Ile sukari guru. Na kale kaladha nyuma ya ulimi.

Nikakaa juu ya gunia la kahawa.

"Vipi, umevunja jino?" Salvina anacheka.

Nawaza, nani Njoro anatia maji ya magadi kwenye biskuti?

Kesho yake nilimwambia Eliudi nakwenda kutafuta dawa ya ng'ombe. Nikashuka mpaka Njoro, nikauliza, nikaonyeshwa. Nyumba ya kawaida, mlangoni kuna kabati la kioo limejaa biskuti, nyuma kuna jiko la uani.

"Hodi hapa."

"Karibu mama." Alitoka dada wa makamo amejifunga mtandio. Ndiye Amne. "Nikufungie ngapi?"

"Sinunui, dada yangu. Namtafuta anayezipika."

Akaniangalia usoni. Nadhani aliiona sura, maana Kindness kanitoa mimi.

"Napika mwenyewe," akasema, ila macho yalikwenda uani.

"Dada, mimi ni mama yake. Nimetoka Mwika."

Niliyasema kwa sauti. Sikukusudia, yalitoka tu.

Huko nyuma kulikuwa na mwiko unakwangua sufuria. Ukanyamaza.

Amne akanishika mkono, akanong'ona. "Mama, usiingie. Nakuomba. Ameniambia siku utakayomwona, ataondoka na hapa, aende asikojulikana."

"Kafikaje hapa?"

"Alifika Dar, wakala akazima simu. Akahangaika weee, akapanda basi la kurudi. Akashuka Moshi, akashindwa kuendelea. Nilimkuta anaulizia kazi ya kuosha vyombo."

"Mwika si hapo tu! Nauli alikosa?"

"Siyo nauli iliyomshinda, mama. Ni ile kwaya."

Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yetu. Ningeweza kuusukuma ule mlango wa uani kwa kidole. Na nikiusukuma, nampoteza.

Nimesimama hivyo, ndipo harufu ikanijia. Karanga. Halafu ikazidi karanga. Ikaanza kuwa kali.

Mtoto ameganda pale, kanisikia, na sufuria iko motoni.

"Epua!" nikapiga kelele. "Epua mwanangu, inaungua!"

Kishindo cha sufuria. Kitu cha moto kikalia chwaa kwenye maji.

Hakutoka.

Nilikuwa nimembebea siagi kwenye kopo, nikamwachia Amne. Nikapanda kurudi nyumbani. Hata dawa ya ng'ombe sikununua.

Jioni tunamenya ndizi, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi?"

"Niko Omani, mama."

Jamani, mimi nilikuwa na maneno ya kujaza gunia. Nilichoweza kuuliza ni kimoja.

"Mkono haujaungua?"

Nikamsikia anavuta kamasi.

"Haujaungua, mama."

Hatukusema kingine. Na hakukata simu. Tulikaa tu tunasikilizana tunavyopumua, mpaka bando lake likaisha.

Eliudi akauliza, "Omani wanasemaje?"

"Wazima."

Mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Yeye yuko Omani, mimi nampelekea siagi Njoro. Sijui nimwambie baba yake. Nikimwambia atashuka na hasira, mtoto atakimbia. Nisipomwambia, kila Jumapili anaombewa safari ambayo haipo, na mimi naitikia amina.

Wazazi wenzangu, wakala akija, msimwangalie anavyosali. Muulizeni anakaa wapi, mwende mpaka kwake, mjue na ndugu zake.

Na mtoto akiondoka, muageni, mwombeeni. Lakini mwambieni mbele ya hao hao wageni, akisikia na mwenye kwaya na mwenye mbuzi, kwamba ikishindikana arudi hata usiku, hata peku, ugali wake upo.

Sisi hatukumwambia. Tulidhani anajua.