Mwaka Baba Alipouguza Okidi

Enzi zetu, sebule haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya wageni na ya vitambaa vya kufuma vilivyopigwa pasi ya makaa, na ole wako ukiikanyaga na miguu yenye udongo mwekundu wa kijiji chetu, Giakanja. Sisi makao yetu yalikuwa jikoni, tukiota moto githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota, au nje, tukicheza brikicho, kujificha na kutafutana katikati ya mahindi, hadi Mama apaze sauti: "Nyambura! Ama mnangoja fisi ndio iwaite?" Watoto wa siku hizi huitwa kula kwa ujumbe wa simu, na wako chumba cha pili.

Baba sikumjua vizuri wakati huo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akiondoka kabla hatujaamka na kurudi tumelala. Nilimjua kwa koti lake lililoning'inia mlangoni, linanukia msonobari mbichi. Kisha gogo likateleza likamvunja mguu. Akaletwa nyumbani na plasta hadi pajani, na kwa kuwa kitanda kilimchosha, Mama akamwekea kiti sebuleni, kando ya dirisha. Mtu aliyezoea kubeba magogo akawa wa kukaa tu. Chakula alikirudisha nusu. Ukimsalimu, anaitikia akitazama ukuta.

Tata Wairimu, dada yake Mama, alikuwa kibarua wa shamba la maua huko Naro Moru. Alipokuja kumwona mgonjwa alileta okidi yenye maua meupe, imepandwa kwenye mkebe. "Shemeji apate kitu kizuri cha kuangalia," alisema. Mama aliipenda sana, ila alipochungulia mkebe hakuona udongo, aliona vipande vya magome ya mti. Tata alipoondoka, Mama akacheka. "Wairimu naye! Mmea gani unakula mbao?" Akaihamishia kwenye udongo wa shamba na samadi, ule ule uliotupa kabichi kubwa, akaiweka dirishani ipate jua, na kila asubuhi akaimwagia maji kutoka juu kama anayemwosha mtoto kichwa.

Maua yakaanguka. Hilo tulilikubali, maua huanguka. Lakini majani nayo yakaanza. Moja lilitoka baka jeupe, likageuka la kahawia, kavu kama karatasi. Mengine yakalegea na kukunjamana. Chini, karibu na shina, jani moja likapata doa jeusi lenye majimaji. Mama akaongeza maji. Jirani akashauri chai baridi, nayo ikatiwa.

Tata aliporudi kututembelea, niliwasikia wakiongea jikoni. Mama alikuwa akimenya viazi.

"Wairimu, ile maua inakufa," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiiangalia, naona ni kama ni yeye."

Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na jikoni palikuwa karibu. Sidhani walijua kwamba Baba pia anasikia.

Kesho yake asubuhi akaniita. "Maitu." Aliniita hivyo, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Niletee hiyo maua hapa."

Aliuweka mkebe juu ya paja zima, akageuza kila jani juu na chini kama anayekagua ubao. Akabonyeza. Akanusa. Tata, aliyekuwa amelala kwetu, alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Hii ni jua," Baba alisema, akigusa lile baka kavu. "Mimi nakaa hapa mchana yote. Saa nane ikifika, jua inapiga hii jani tu. Hata mimi inanichoma."

"Ni kweli, shemeji. Hiyo haisambai. Wacha jani ikae, toa mmea kwa jua."

"Na hii nyeusi?"

"Inanuka?"

"Inanuka."

"Hiyo inaoza. Maji imelala hapo katikati. Kata mpaka ufike mahali pazima, usihurumie."

Mama alikuwa amefika, mikono imejaa unga. "Na hizi zimelegea? Si ni kiu?"

Tata akamshika bega. "Mizizi imeoza, dada. Inakunywa na nini?"

Basi kazi ikaanza. Baba alipitisha wembe kwenye moto, akakata doa lote pamoja na kipande kizima kando yake. Mama akatoa mdalasini aliouweka kwa ajili ya chai ya Krismasi, tukaunyunyiza kwenye kidonda cha jani, Tata akituonya mdalasini huo usiguse mizizi, maana huikausha. Mizizi laini ya kahawia ikakatwa, migumu ikabaki. Kisha nikatumwa kiwandani kuomba magome. Wenzake Baba hawakunipa tu. Waliyaleta wenyewe baada ya kazi, gunia zima, wakaketi juu ya vile vitambaa na suruali zao za vumbi. Jioni hiyo nilimsikia Baba akicheka.

Magome yalichemshwa, yakachanganywa na vipande vya makaa. Okidi ikapandwa humo, ikahamia nyuma ya pazia. Tangu hapo ilinyweshwa tu magome yakikauka, asubuhi, kwa maji ya mvua, na tukayaacha yachuruzike yote.

Kila nilipotoka shule nilienda moja kwa moja kwa Baba, tukaikagua pamoja. Nilimuuliza lini lile baka litapona. "Hilo halitapona," alisema. "Wewe angalia jani litakalokuja." Katikati ya kungoja alinisimulia ya msituni: miti inavyolia kabla ya kuanguka, baridi ya alfajiri, mama yake alivyoimba akichuma chai. Siku ncha ya kijani ilipochomoza, alijikokota kwa magongo hadi jikoni kumwita Mama, naye Mama akalia akiwa ameshika mwiko.

Juzi binti yangu, anayekaa Nyeri mjini, alinunua okidi. Jani likapata doa. Akalipiga picha, akaiuliza simu, akapewa magonjwa chungu nzima na dawa zake, akazinunua. Nilipofika nilitia kidole mkebeni, maji tele. Nilicheka, lakini si sana. Mimi pia huondoka alfajiri kwenda kazini Sagana, na aliponihitaji utotoni, mara nyingi nilikuwa njiani.

Baba alipopona alirudi kiwandani, akaanza tena kuondoka kabla hatujaamka. Lakini nilikuwa nimeshamjua. Sijui kama ni halali kumshukuru Mungu kwa mguu wa mtu kuvunjika. Mimi humshukuru.