Kugonga Jiwe Kundelungu

Keti hapa karibu nikueleze namna ya kushuka korongo. Mimi nilifundishwa na mtu mwenye mguu mbovu.

Tulikuwa tumetoka Elisabethville kwa konji, yaani likizo ya kazini, mimi na mume wa dada yangu, tukafikia kwa jamaa zetu chini ya milima ya Kundelungu. Mimi nilitengeneza njia ya reli. Yeye alikuwa mtu wa mgodini, na mwamba ulikuwa umemvunja mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini hakuuamini tena. Tukirudi, daktari wa kambi ya mgodi angemtazama akitembea. Akichechemea, kazi imekwisha, na dada yangu na watoto watatoka katika nyumba ya kambi. Ndiyo maana alitaka kuujaribu kwanza mahali pasipo na daktari.

Tulipanda alfajiri. Juu ni nyasi tupu, unatembea ukidhani hazina mwisho, kisha ardhi inakatika. Ng'ambo, maji yalimwagika kutoka ukingoni, na umbali ulikuwa mrefu hata yakageuka moshi kabla ya kufika chini. Ndege waliruka chini yetu. Sikuwahi kuona mgongo wa ndege anayeruka. Tulivua kofia, wala hakuna aliyetuambia.

Tukaanza kushuka. Yeye aligonga kila jiwe kwa fimbo kabla ya kulikanyaga. Mgodini hugonga dari hivyo kwa chuma: mwamba mzima hulia kikavu, ulioachana na wenzake hulia kama kitu kitupu ndani. Nilichoka kumngoja.

"Shemeki, unagongaka sawa mutu anaomba hodi," nikamwambia. "Nani atakufungulia?"

Akacheka, akaendelea kugonga. Nikatangulia hatua moja.

Sasa elewa kosa langu. Mtu wa reli hutembea juu ya mataruma, zile mbao zinazobeba vyuma, na zote zimepangwa kwa umbali mmoja. Baada ya miaka, miguu haijui hatua nyingine. Pale mteremkoni mguu wangu ulikwenda wenyewe mahali ambapo taruma lingekuwa. Palikuwa na jiwe bapa, zuri kulitazama. Likateleza. Nililisikia likigonga chini mara moja, kisha kimya kirefu, kisha tena, mbali sana.

Mimi sikulifuata. Shemeji yangu alikuwa amedaka mkanda wangu kwa nyuma, mguu wa kushoto ameukita kwenye mwamba. Alinivuta taratibu, tukaketi. Mguu ule ulikuwa ukitetemeka, naye akiutazama kama mgeni aliyeingia nyumbani.

"Unaona, shemeki?" akasema polepole. "Inabeba bantu babili."

Chini kabisa ngurumo ya maji ilitunyima maneno, tukasema kwa mikono. Upinde wa mvua ulisimama karibu yetu, usawa wa kiuno. Akaingia katika ule moshi wa maji, akasimama kwa mguu wa kushoto peke yake, muda mrefu, ili nione. Nilihisi udogo wangu pale, na sikuuonea haya.

Kambini daktari alimtembeza uani mara mbili, akamrudisha kazini.

Basi nawe ukishuka, shika fimbo na ugonge jiwe kabla ya kulikanyaga. Likilia kikavu, kanyaga. Likilia kitupu, tafuta jingine.