Mtani na Sheria ya Lango

Mume wangu alinileta huku kwa reli, akaniacha huku kwa presha. Alikuwa fundi wa mabehewa, Mzaramo kama mimi, akahamishiwa mji mdogo ulio kwenye njia ya zamani ya misafara, si mbali na Tabora. Jina la mji sitalitaja kwa sababu wahusika wote bado tunauziana nyanya. Alipofariki, watoto wetu walikuwa wameshahamia Dar es Salaam, na kila mmoja alinipigia simu akitaka niende kwake. Nilikataa. Kule ningekuwa mama mkwe wa chumba cha nyuma. Huku nilikuwa na kazi, ingawa hakuna aliyeniajiri: nilikuwa mtani.

Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za wapagazi. Babu zao walipita kwetu na mizigo wakielekea pwani, wakalala kwetu, wakagombana na babu zetu, wakazikana nao, na mwisho ikakubalika kwamba kati yetu tusi si tusi. Kwa hiyo mjane Mzaramo, asiye na ndugu hata mmoja kwenye mji huu, alikuwa na ruhusa ya kuingia msiba wowote wa Mnyamwezi bila kuitwa. Nikifika nauliza kwa sauti kama marehemu amekufa kweli au amekwepa kulima. Navaa kofia yake, naiga mwendo wake. Jeneza likitaka kutoka nakaa mlangoni, na halipiti mpaka nipewe kuku. Wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka. Kwetu pwani wanawake hatuendi makaburini, lakini huku utani ulinifikisha hadi ukingoni mwa kaburi, na wachimbaji walinisubiri nimalize upuuzi wangu ndipo waendelee.

Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa na nini. Nyumbani nilikuwa na redio, kuku na ukimya. Siku isiyo na shughuli niliweza kufika jioni sijamsemesha mtu, labda nimemfukuza tu mbuzi wa jirani. Kukiwa na msiba au harusi, mji mzima ulikuwa wangu.

Mtani wangu mkubwa alikuwa diwani wa kata yetu, Mnyamwezi wa kwao kabisa, Mkatoliki, aliyekuwa mrina asali upande wa Sikonge kabla siasa hazijamchukua. Nyumba zetu zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu. Kila asubuhi alipita kwangu akienda ofisini.

"Wewe Mzaramo, bado unamaliza chakula chetu? Treni ya kwenu inapita leo."

"Nitapandaje, na mpagazi wangu hajafika kubeba mzigo?"

"Babu zangu walibeba hadi pwani, wakawakuta nyie mmekaa kivulini mnangoja watu wachoke muwauzie maji."

"Na kwa jinsi walivyokuwa na kiu, deni la maji hayo mnalo mpaka leo."

Hatukuwahi kuulizana habari za asubuhi. Nilijua yu mzima kwa ukali wa tusi lake.

Diwani huyohuyo ndiye aliyeleta rasimu ya sheria ndogo ya ulinzi wa maeneo ya mikusanyiko. Hakuwa akitafuta sifa. Mpwa wake alikuwa nchi jirani kikazi, akaenda kutazama mpira ukumbini, mtu akaingia na begi kama watu wengine, na begi likalipuka. Mpwa alirudi na mguu mmoja, na tangu hapo hakupenda kukaa panapojaa watu, hata kanisani. Diwani alipokuwa akieleza hayo kwenye mkutano wa kukusanya maoni, sisi tuliokuja na maneno yetu makali tukayapunguza.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi. Mwanasheria wa halmashauri alisoma rasimu taratibu, kifungu kwa kifungu. Mnada, uwanja wa mpira, kumbi, nyumba za ibada, na shughuli yoyote kubwa, harusi na misiba ikiwemo. Lango liwe moja. Mizigo ikaguliwe. Magari yaegeshwe mbali. Kisha akafika kwenye kifungu kilichonisimamisha: mtu asiyefahamika asiingie mpaka mmoja wa wenye shughuli amthibitishe.

"Mimi msibani sithibitishwi," nikasema. "Nikithibitishwa nimekuwa mwalikwa, na mtani haalikwi."

Watu wakacheka. Diwani akamgeukia mwanasheria. "Andika hapo kwamba Wazaramo wote ni hatari." Wakacheka zaidi, na mimi nikavimba kichwa, nikidhani nimeshinda.

Mwanasheria alikuwa mtu mpole. Alisubiri kicheko kiishe, akaniuliza kwa adabu, "Sasa mama, mlinzi atamtofautishaje mtani na mtu mbaya? Wote wawili wanaingia bila kuitwa."

Nikakaa nimenuna. Mpaka leo jibu sina, ingawa nimepata muda mwingi sana wa kulitafuta.

Kabla sheria haijapitishwa, halmashauri iliamua kulijaribu lango kwenye maonyesho ya wakulima pale uwanjani. Walifunga kamba kuzunguka uwanja, wakaacha nafasi moja ya kupita, na hapo wakamweka mlinzi, mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Mimi nilikuja na kikapu cha vitumbua. Diwani alikuwa amesimama langoni na wageni kutoka mkoani, amevaa suti. Akaniona, na mdomo wake ukafanya ulichozoea kufanya.

"Huyo Mzaramo msimwache apite," akasema. "Kikapuni ana bomu."

Alilitamka kama utani, lakini mlinzi hakulisikia kama utani. Kwenye mafunzo walikuwa wameambiwa neno hilo halichezewi, na aliyelitamka alikuwa kiongozi. Akapuliza filimbi. Hakuna aliyengoja kuuliza. Kamba zikakatika, meza za asali zikapinduka, na mama mmoja muuza ndizi akaangukiwa na watu, mkono ukavunjika. Mimi nililazwa kifudifudi na vitumbua vyangu vikakanyagwa. Nilimwona diwani kupitia miguu ya watu, suti imejaa vumbi, akiwashika watu mikono na kuwaambia ni utani tu, ni utani tu. Kisha nikamwona akiachia mikono na kusimama. Alikuwa akimtazama mpwa wake, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemshawishi aje, na sasa alikuwa anakimbia kwa magongo kuelekea barabarani huku akilia kwa sauti.

Polisi hawakunionea. Walinipa kiti na chai, wakachukua maelezo yangu na ya diwani, wakaniachia alasiri. Diwani alinisindikiza nyumbani kwa miguu. Njia nzima hakusema kitu, na mimi ukimya wake ulinitisha kuliko filimbi. Tulipofika kwenye minyaa nikajaribu.

"Mpagazi wangu, leo mzigo umeuangusha njiani."

Hakucheka. "Nisamehe sana, mama," akasema.

Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo.

Kwenye baraza la madiwani yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kifungu kiongezwe: kutamka maneno ya kutisha watu kwenye mkusanyiko, hata kwa mzaha, liwe kosa. Baraza likapitisha, rasimu ikaenda kwa waziri, ikarudi imeidhinishwa, na tangazo likabandikwa ubaoni ofisi ya kata. Nilikwenda kulisoma nikiwa nimejiandaa kukasirika. Sikuona neno baya ndani yake. Yule mama wa ndizi, ambaye mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, alisimama karibu yangu akisoma pia. Akasema ni sheria nzuri. Nikamwambia ndiyo, ni nzuri.

Diwani hakuacha kupita mbele ya nyumba yangu.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri, mheshimiwa."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Basi, anakwenda zake. Nilimchokoza mara nyingi. Nilimuuliza suti ile amemvua nani, nikamwambia tumbo lake limetangulia kufika ofisini. Alitabasamu kama anavyotabasamiwa mgeni rasmi. Nilimchukia kwa tabasamu lile, nasema kweli. Na wengine wakafuata mwendo wake, si kwa ubaya. Walikuwa wananihurumia kwa yaliyonipata uwanjani, na huruma yao ikageuka heshima. Dukani walinipisha. Vijana waliokuwa wakiniita mchawi wa pwani sasa waliniinamia na shikamoo, nami nikaitikia marahaba kama bibi wa watu.

Misibani mlinzi aliniuliza nani ananifahamu. Mtu alitoka, akaniombea nipite, akanishika mkono hadi kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele. Ukishashikwa mkono na kukalishwa kitini, huwezi tena kuinuka ukazuia jeneza. Nilijaribu mara moja. Nikaenda kukaa kizingitini kama zamani, na wanakamati wawili wakaninyanyua kwa upole wakaniletea maji, wakidhani nimezidiwa na jua. Baada ya hapo sikujaribu tena. Wanangu walipopiga simu kuuliza hali ya huku, niliwaambia niko salama, na kweli nilikuwa salama. Lakini nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kumsalimia yule mbuzi.

Diwani alianguka ofisini asubuhi moja baada ya kuniuliza habari za watoto. Walimkimbiza hospitali Tabora mjini, hakufika.

Msiba wake ulikuwa mkubwa. Walikuja viongozi, masista, watu wa Sikonge kwa baiskeli na madumu ya asali. Kwenye minyaa kati ya nyumba zetu kulikuwa na upenyo tuliozoea kuupita, lakini kamati ilikuwa imeufunga kwa kamba, kwa kuwa lango ni moja. Kwa hiyo nilizunguka hadi barabarani, nikapanga foleni kuingia nyumba ninayoiona kutoka jikoni kwangu. Mlinzi hakuwa mtu wa mji wetu. Alifungua mkoba wangu, akaufunga, akaniuliza kwa upole.

"Hapa unafahamika na nani, mama?"

Jibu lilinijia palepale. Nilitaka kumwambia: na huyo mpagazi aliyelala humo ndani, mwamsheni aje kusema. Lingewachekesha wote, hata padre angeficha mdomo. Mdomo ulishafunguka. Ndipo nikamwona mpwa wa diwani. Alikuwa ameketi karibu na lango, magongo yamelala pajani, akitazama kila mkoba ulioingia. Jasho lilikuwa linamtoka. Alikuwa amejilazimisha kukaa pale panapojaa watu, kwa ajili ya mjomba wake. Nikafumba mdomo.

"Mimi namfahamu," akasema mpwa. "Ni mama wa nyumba ya pili."

Nikaletewa kiti. Jeneza lilitoka na hakuna aliyekaa mlangoni. Kofia yake ilikuwa juu ya jeneza, na hakuna aliyeivaa. Kaburini mchanga ulimwagwa bila mtu kuwasimamisha wachimbaji, na mwisho kiongozi mmoja akashukuru kwa jinsi shughuli ilivyokwenda kwa utulivu na usalama. Alisema kweli.

Mtani halii msibani. Hiyo ni kazi ya wenye msiba. Mimi nililia mpaka kifua kikauma. Mama mmoja wa Sikonge, tusiyejuana, akanipa ncha ya kanga yake nifute uso, akauliza marehemu alikuwa nani wangu.

Nikamwambia alikuwa jirani.