Jina la Tisa Kwenye Orodha ya Makoti

Shemeji yake fundi cherehani alificha barua. Tuliseme hivyo hivyo, maana wapo mpaka leo wanaoliita jambo lile kusahau. Barua ya chuo cha serikali ilifika kwenye sanduku la posta la shemeji, lililotumiwa na ukoo mzima, naye akaitia mfukoni. Kisha akasimama kwenye kikao cha familia, suti imenyooka, akatangaza kwamba binti wa marehemu kaka yake amekosa nafasi.

"Poleni sana," akasema. "Lakini mimi baba yake mdogo nipo. Kuna chuo cha binafsi, maabara yake ina vigae mpaka ukutani. Nimeshamwombea. Anaanza Jumatatu ijayo."

Hakusema kwamba chuo hicho humpa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Watu wakapiga makofi. Mama wa binti, fundi huyo ambaye hajawahi kukalia dawati, akainamisha kichwa na kushukuru mbele ya wote. Shukrani ile humchoma mpaka leo kuliko pasi ya mkaa.

Kusoma hajui. Kutarizi majina, hapo mtaani hakuna wa kumfikia. Ndiyo maana wakamwita Mama Sindano. Unampa jina kwenye karatasi, analitazama kama mtu anavyotazama sura, halafu anashona: hapa mlingoti, hapa kitanzi, hapa ngazi. Jina la bintiye alilishona kwenye sweta za shule miaka yote. Hilo angelishona amefumba macho.

Jumatano asubuhi, mtunza stoo wa chuo cha serikali akamletea furushi la makoti meupe ya maabara pamoja na orodha ya majina ya wanafunzi wapya.

"Ishirini na nne, Mama Sindano. Nayataka Ijumaa, na usinizungushe kama wenzako."

"Wenzangu wanakuzungusha kwa sababu ya domo lako. Weka hapo, uende."

Alishona la kwanza, la pili, la tatu. Kufika la tisa, mguu ukaganda juu ya kanyagio. Mlingoti, kitanzi, ngazi. Akalitazama tena.

"Hebu njoo," alimwita binti, aliyekuwa akipiga pasi nyuma ya pazia. "Nisomee hili."

Binti alisoma kimya, akarudia. "Mama, ni mimi. Majina yote matatu."

Hawakufunga hata mlango. Walifika kwa msajili wa chuo wakihema, orodha mkononi.

"Barua tulituma mwezi uliopita," msajili alisema. "Mwisho wa kuripoti ni Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi anapewa mtu wa akiba."

Habari zikamfikia shemeji, na jioni akaja, mkali kama ndiye aliyeibiwa.

"Barua nilisahau tu, shemeji. Kazi nyingi."

"Barua ulisahau. Kikao hukukisahau."

"Haya, yaishe. Lakini fikirini. Kule kwa serikali ni msongamano, hadubini moja watoto wanne! Huku kila mtoto ana yake. Wewe shemeji mambo ya vyuo utayajulia wapi?"

Hapo alimgusa pabaya, kwa sababu ni kweli hakuyajua. Binti naye aliinamia sakafu. Vigae vilikuwa vimemwingia akilini kidogo. Mama akasema, "Kesho tunakwenda kuona. Kote kuwili."

Alhamisi walianza na chuo cha binafsi. Vigae vilikuwepo, vinang'aa. Hadubini zilijipanga kama sahani za mgeni, kila moja na mfuko wake wa nailoni. Mama alipitisha kidole juu ya mfuko. Kikatoka na vumbi. Akauliza zimenunuliwa lini. "Mwaka juzi," akajibiwa kwa fahari.

Chuo cha serikali kilikuwa na ukuta uliobanduka na kelele tele. Wanafunzi wanne walisukumana juu ya hadubini moja, mmoja akifoka, "Toa kichwa chako, zamu yangu!" Rangi ya chombo ilikuwa imeisha pale vidole vinapozungusha.

"Mimi cherehani ya mtumba naanza kutazama gurudumu," mama alimnong'oneza bintiye. "Lisilochakaa, mwenyewe hakuwa na kazi. Lakini uchague wewe. Mimi sitasoma hapa."

Binti alicheka, mara ya kwanza wiki ile. "Naenda kusukumana, mama."

Ijumaa saa nne asubuhi waliingia pamoja, mama na furushi la makoti kichwani, binti amekwisha kuvaa la kwake. Mtunza stoo alihesabu makoti, akamaka.

"Mbona ishirini na tatu?"

"La ishirini na nne lile pale, linajiandikisha!"

Miaka mitatu baadaye, binti alimaliza wa kwanza darasani. Leo anaongoza maabara ya hospitali kubwa, na wahitimu wa chuo chenye vigae huja kwake kufundishwa kushika hadubini. Mama anapita pale mlangoni pa hospitali akitembea katikati ya njia, kichwa juu.

Shemeji alikuja kula siku ya sherehe ya kuhitimu, akapiga picha na binti, akasema damu yetu ina akili. Lile neno la kukiri hajalitoa. Anadaiwa asimame mbele ya watu walewale waliompigia makofi, aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto hakukosa nafasi, kwamba yeye ndiye aliyeificha barua. Mama wa binti bado anasubiri, na hajasamehe.