Doa kwenye Kioo cha Pili

Siku ile nilipaswa kukataa. Binamu yangu alisimama mlangoni, kofia tayari kichwani, akaniomba nimjazie orodha yake. Nikakubali.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga na Kongo. Padri aliyetufundisha fizikia alitumiwa kutoka Ulaya nakala za picha za anga, kwenye vioo: mbingu nyeupe, nyota nyeusi. Tulizikagua mchana, dirishani, kwa lenzi, maana umeme wa bwawa la Koni haukuaminika tena. Kandokando ya galaksi kubwa za kundi moja la jirani tulitafuta galaksi ndogo, hafifu kama pumzi kwenye kioo. Kila kipande cha anga kilikuwa na picha mbili. Mimi nilisoma kioo cha kwanza, binamu cha pili, kila mtu akiandika orodha yake bila kuoneshana. Doa tuliloliona sote wawili ndilo lililohesabika. Mengine yalikuwa vumbi au kasoro ya dawa ya kusafishia picha.

Asubuhi ile ndege za vita zilipita chini sana. Mchumba wa binamu alikuwa mji wa Kambove.

"Weye andika tu yako mara mbili," alisema. "Minye naenda, mbele basoda bafunge njia."

"Na Padri?"

"Ile magalaksi haitakuja kulalamika kwa Padri, ndugu yangu."

Nilicheka. Nami sikutulia, nilitaka kutoka nikasikie habari. Nikanakili madoa saba bila kukigusa kioo cha pili, nikakimbilia barabarani.

Padri alizituma orodha zetu Ulaya, na jibu lilikuja baada ya miezi. Kule Ulaya walikuwa wamekagua madoa matatu ya kwanza: kasoro tupu za kioo kimoja. Hawakuendelea. Orodha nzima ilifutwa.

"Kioo cha pili kilitazamwa?" Padri aliniuliza.

"Hapana, Padri. Nilinakili."

Nilikitazama siku hiyohiyo. Madoa sita hayakuwapo. La saba, lililofifia kuliko yote, lilikuwepo, palepale. Nikamwita Padri. Akainama juu ya lenzi muda mrefu.

"Naliona," alisema. "Lakini nani sasa atatusadiki?"

Hakunipa kioo kingine. Barua ya kuniombea nafasi ya chuo kikuu, aliyokwisha kuiandika, aliichana mbele yangu.

Simlaumu binamu, kalamu nilishika mimi. Nilikosa masomo, nikazeekea karakanani. Padri hakutumiwa vioo tena. Na galaksi ile moja, ambayo niliiona kweli, sikuwahi kuwa na haki ya kusema niliiona.