Bwana Kununa na Mwalimu Osmund

Harufu ya dagaa wa Nyasa wakikaangwa hunirudisha sebuleni kwa bibi, Majengo, mbele ya televisheni ya chogo iliyofunikwa kitambaa alichokifuma bibi mwenyewe. Saa ya tamthilia ikifika, kitambaa kilitolewa kwa heshima zote, kikakunjwa, kikawekwa mapajani mwake. Aliyechelewa alikaa sakafuni karibu na mlango, akapigwa na baridi ya Songea hadi mwisho.

Tamthilia ilikuwa ya Kikorea, ya enzi za wafalme. Binti mfinyanzi alipendwa na bwana mmoja wa ukoo mkubwa, mwenye kofia nyeusi pana na uso usiojua kutabasamu. Sisi watoto tulimbatiza Bwana Kununa. Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya kioo, na aliyetusomea kwa Kiswahili ni shangazi Theofrida, mdogo wake baba, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Jamani, yule bwana alikuwa na mdomo! Binti anamletea chungu alichokifinyanga kutwa nzima, yeye anakitazama, anafungua mdomo kidogo, na shangazi anasoma: "Hiki ni chungu, au kuna ng'ombe amekikalia?"

"Baba huyu hana hata haya," bibi alisema. "Na binti naye anang'ang'ania nini?"

Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Siku hizo shangazi alikuwa na jambo lake. Mwalimu Osmund, aliyefundisha hisabati sekondari huko Mbinga, alikuwa ameleta posa. Mshenga alisema yote; Mwalimu mwenyewe alikaa akiangalia viatu vyake. Hata alipokuja kutusalimia tu, alikunywa chai, akanyamaza, akaaga. Mshenga alikuwa anarudi Jumapili baada ya misa kuchukua jibu, na shangazi alishamwambia bibi jikoni, mimi nikichambua dagaa: "Mama, siwezi kuolewa na ukuta." Bibi alichochea moto tu. Alimpenda Mwalimu. Mimi pia nilimpenda, kwa sababu hakuwahi kuja bila karanga zetu watoto, na niliogopa sana hiyo Jumapili.

Ijumaa ya kabla yake Mwalimu alikuja mvua ikinyesha. "Shikamoo mama," alimwambia bibi, akakaa, basi. Tamthilia ikafika pale Bwana Kununa anapomfuata binti kwenye tanuri la vyungu, amelowa chapachapa. Alisema maneno machache tu. Shangazi akasoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote: "Usidhani nimekufuata wewe. Nilikuwa napita. Mwanamke kama wewe nitampata popote!"

Bibi akasonya. Nikamgeukia Mwalimu, nikitaka naye akasirike pamoja nasi. Alikuwa anatazama yale maandishi. Kisha akamtazama shangazi, tena kwa muda mrefu, akatabasamu. Nilikereka. Mtu gani anafurahia binti wa watu akitukanwa?

Alipoaga, shangazi alimsindikiza hadi barazani, nami nikawafuata na mwavuli wa bibi. Mwalimu aliupokea, hakuufungua. Akasema taratibu, "Theofrida, kusema sijui. Lakini kila njia ninayoshika hunileta hapa."

Shangazi alijifunika mdomo kwa khanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Kumbe kusoma unajua," alimwambia. Nikashangaa, mwalimu gani asiyejua kusoma?

Jumapili mshenga alipewa jibu, na bibi akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Furaha yangu ilikuwa na dosari moja tu: tangu wiki ile Bwana Kununa aliharibika. Uso ulikuwa ule ule, lakini maneno yakawa matamu ajabu, mara anasifia vyungu, mara anaomba samahani. Tulilalamika sana.

Majuzi niliikuta tamthilia ile kwenye simu, nikaiangalia huku nakaanga dagaa, nikiwa tayari kabisa kumchukia tena. Sikuona tusi hata moja. Kile chungu alikiita kizuri, basi, akakosa pa kuweka mikono. Maskini, alikuwa mtu mwenye haya tu, na nilimwonea huruma kwa yote tuliyomsema. Ikafika kwenye tanuri, mvua ikinyesha, maandishi yakapita: kusema sijui, lakini kila njia ninayoshika hunileta hapa. Dagaa wangu waliungua wote.

Jumapili nilikwenda Mshangano, wanakoishi shangazi na Mwalimu hadi leo, nikaiweka simu mezani. Shangazi alipoiona ile kofia nyeusi alicheka mpaka akashika mbavu, akakimbilia jikoni. Mwalimu, mvi tele sasa na bado si msemaji, alivaa miwani, akasoma kipande chote hadi mwisho.

"Kwa hiyo shangazi alitudanganya wote," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, akanirudishia simu.

"Alitafsiri vizuri tu," alisema. "Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa."